Askari wa Karatasi wa Manyatta

Mwezi uliopita tulimzika Odera. Mzee wa kanisa aliyesoma wasifu wa marehemu alisema Odera alilitumikia taifa kwa uaminifu, akarudi nyumbani salama, akapenda kandanda na kwaya, na mwishowe figo zikamchosha. Yote hayo yalikuwa kweli kwa namna yake. Wekesa alikuwa amesimama kando yangu pembeni mwa hema, upara ukimng'aa, suti ikimbana tumbo. Siku hizi ana duka lake la vifaa vya ujenzi kule Muhoroni, na tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Aliinama akaniambia kwa sauti ya chini, "Hawajasema juu ya meza." Nikamuuliza wangeisemaje. Akatikisa kichwa, akarudisha macho kwenye jeneza. Ndiyo maana naandika sura hii. Kuna mwaka mmoja katika maisha ya mtu yule ambao haukuingia kwenye wasifu, na sehemu kubwa ya mwaka huo ilipita chumbani mwangu.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilifanya kazi katika duka la fotokopi karibu na stendi ya mabasi mjini Kisumu, na nilikuwa nimepanga chumba kimoja Manyatta, katika ploti ya vyumba vinane vinavyotazamana. Chumba changu kilikuwa cha mwisho. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, ndoo mbili za maji, na meza kubwa kupita kiasi ambayo mpangaji aliyenitangulia aliiacha kwa sababu haikupita mlangoni. Ukuta mmoja ulikuwa wa plaiwudi tu. Upande wa pili wa plaiwudi hiyo aliishi Mama Odera, muuza omena, wale dagaa wa ziwani, na mwanawe ambaye ploti nzima ilimwita Koplo. Alikuwa ametoka jeshini miezi michache kabla, baada ya kupigana ng'ambo ya mpaka. Mguu wake wa kushoto ulikuwa na kovu refu, lakini hakuchechemea. Alikaa ndani mchana kutwa. Kupitia ule ukuta nilijua wanakula nini na saa ngapi, na nilijua kwamba mama yake alimsemesha kila jioni kwa Dholuo akimweleza habari za soko, na yeye hakumjibu.

Wekesa nilimpata dukani. Alikuwa mtu wa Bungoma, karani wa kaunta katika duka la rangi na saruji, na alikuja na flashi akitaka kurasa arobaini zichapwe pande zote mbili ili kuokoa karatasi. Kwa kuwa mashine ilikuwa ya polepole, nilisoma zilivyokuwa zikitoka. Zilikuwa sheria za mchezo wa vita vya mezani: askari wadogo wanasogezwa kwa rula, dadu inaamua nani kapigwa na nani kapona. Kurasa sita za mwisho zilikuwa na picha za askari wa kukata na kubandika. Nilimuuliza anacheza na nani. Akasema hajapata mtu bado, watu wa nje huweka sheria hizo bure kwenye mtandao na yeye amezisoma tu kwa miaka miwili, maana askari wa kununua, wale wa metali na plastiki wanaotoka ng'ambo, ni bei ya kodi ya nyumba. Nikamwambia nina meza.

Tukaanza Jumapili iliyofuata baada ya kanisa. Tulipatana kwamba tutajaribu kila mchezo tutakaoupata, na kwamba hakuna mchezo utakaotugharimu zaidi ya bei ya gorogoro moja, lile kopo la kupimia, ya omena ya Mama Odera. Tulianza na vita vya wafalme wa zamani, safu ndefu za askari wa karatasi niliowabandika kwenye kadibodi za maboksi ya biskuti. Mlango ukifunguliwa, upepo uliangusha kikosi kizima. Wekesa alileta masalio ya rangi kutoka kazini na vipande vya jipsamu tukavifanya vilima. Kisha tukahamia askari wa plastiki waliochambuliwa kutoka marundo ya vitu vya watoto soko la Kibuye, wakubwa kwa wadogo, mmoja akiwa mrefu kuliko kanisa tulilokuwa tumejenga. Tukacheza vita vya majini kwa mitumbwi iliyochongwa kutoka soli za ndara zilizochakaa. Tukacheza hata vita vya majitu ya nyota za mbali, waliokuwa vizibo vya soda na vifuniko vya kalamu. Nilipika chai ya maziwa, Wekesa akaleta mandazi, na tukabishana juu ya sentimita moja kama mawakili. Ulikuwa wakati wa furaha, na ni haki niseme hivyo kabla sijaendelea.

Kwenye mwezi wa nne, Jumapili saa tisa mchana, mkebe wa kakao tuliotikisia dadu uliniponyoka ukaanguka kwenye sakafu ya saruji. Sikumbuki mlango ukifunguka. Nakumbuka Koplo akiwa tayari ndani, miguu mitupu, mkono mmoja umenishika bega, na sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikisema, "Chini. Lala chini." Tulilala. Wekesa alijisukuma chini ya meza, mimi nikabaki shavu likigusa sakafu, nikiona dadu moja mbele ya pua yangu. Koplo alikuwa amechuchumaa kando ya dirisha akitazama nje kwa jicho moja. Nje mtu alikuwa anafua nguo. Tulikaa hivyo muda mrefu, na nilichoogopa zaidi ni kwamba sikujua nikisema neno atanisikia mimi au atasikia kitu kingine. Hatimaye mabega yake yalishuka. Akainuka, akatutazama pale chini, akatazama meza yenye askari wake wote, akatoka.

Mama Odera alikuja jioni yake na sahani ya samaki, akitaka kuomba msamaha lakini asijue aanzie wapi. Wekesa alisema tuhamie kwake. Mimi nilikataa, na mpaka leo sijui kama ulikuwa ukaidi au huruma. Tulitandika blanketi mezani, tukawa tunarusha dadu juu yake bila mkebe, na tukaendelea kwa sauti za chini. Jumapili ya pili Koplo alisimama mlangoni. Hakuomba kuingia. Alisimama saa nzima akiegemea mwimo, tukacheza vibaya kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa akisikiliza pumzi yake. Alirudi Jumapili zote zilizofuata. Ilipofika ya nne au ya tano, alinyoosha mkono juu ya bega la Wekesa, akamsogeza askari mmoja nyuma ya ukuta wa jipsamu.

"Hapo ulikuwa umemuweka, ataonekana," alisema.

Nilimsogezea kiti. Akakaa.

Wakati huo tulikuwa tumepata mchezo mpya, mdogo kuliko yote. Kila upande una watu watano tu, na kila mmoja ana jina na tabia yake. Ulikuwa mchezo wa watu wasio na kitu, askari kumi na karatasi mbili za sheria. Odera aliupenda mara moja. Nasema Odera kwa sababu ndipo alipotuambia tuache kumwita Koplo. Wiki ya kwanza alicheza uwanja wetu. Wiki ya pili alikuja na uwanja wake. Alikuwa ameuchora mwenyewe juu ya gunia la saruji lililokatwa, barabara ya vumbi, kisima, miti mitatu ya miiba, ukuta wa mawe uliobomoka upande wa kulia, na lori lililokwama katikati ya njia. Aliwapa watu wake watano majina, nasi tukadhani ameyabuni. Mmoja aliitwa Ouma. Akaniambia mimi nichukue upande wa pili, wale waliojificha, na akanionyesha kwa kidole mahali pa kumweka kila mmoja wao.

Tulicheza barabara ile Jumapili baada ya Jumapili. Wekesa alikuwa mwamuzi, anasoma sheria na kupima. Kila mara mambo yalianza vilevile. Dereva wa lori amejeruhiwa, mfuko wa dawa uko kule ukutani, ng'ambo ya njia, na mtu mmoja lazima avuke barabara. Odera alimtuma Ouma, na mara nyingi dadu zangu zilimwangusha Ouma katikati ya njia. Basi akajaribu kungoja. Akajaribu kumtuma mwingine, na Ouma akaangukia penye lori alikobaki. Akajaribu kuvuka yeye mwenyewe, kwa kipande alichosema ni yeye, na siku kipande hicho kilipoanguka alikitazama kwa utulivu, mfano wa mtu aliyepewa kitu alichokuwa akikiomba. Usiombe ukae mbele ya mtu ukiwa na dadu mkononi, naye anatazama vidole vyako bila kupepesa.

Kulikuwa na yale niliyoyasikia ukutani pia. Asubuhi, kabla sijaenda kazini, Odera alikuwa akiongea peke yake mama yake akishaondoka kwenda sokoni. Alikuwa akipanga. Tukienda kushoto. Tukingoja wapoe. Kisha jina, Ouma, mara mbili tatu, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake aliye chumba cha pili. Nilimweleza Wekesa dukani kwake, katikati ya makopo ya rangi. Alikasirika kwa woga. Alisema yule ni mgonjwa na sisi tunamchokoza kidonda kila Jumapili, na siku akituvunja shingo ploti itauliza kwa nini tulimruhusu. Nilimjibu kwamba nitamuuliza mama yake. Mama Odera alikuwa anachambua omena kwenye ungo nilipomuuliza. Hakuinua kichwa.

"Endeleeni tu, nyathina," alisema, yaani mwanangu. "Jumapili peke yake ndio anakula chakula akamaliza."

Tukaendelea. Lakini hakuna aliyeleta mandazi tena, na chai ilipoa vikombeni.

Sasa niseme nililolifanya. Ilikuwa mwezi wa tisa, mvua ilikuwa imetoka kupiga na mabati bado yalikuwa yanadondosha maji. Odera alikuwa amekonda. Alikuwa amempanga Ouma nyuma ya gurudumu la lori, na alipomtoa avuke, aliacha kidole juu ya kichwa chake kwa muda kabla ya kukiondoa. Nilihitaji tano au sita ili kumwangusha. Nilirusha. Dadu ilibingirika nyuma ya nyumba ya kadibodi iliyokuwa upande wangu, mahali nilipodhani mimi peke yangu ninaona, na ikasimama kwenye sita. Niliigeuza kwa ukucha.

"Mbili," nikasema.

Odera alinitazama. "Ngapi?"

"Mbili. Amepita."

Alimchukua Ouma akamsogeza hadi ukutani. Wekesa alipima, akasema imetosha. Kwa mara ya kwanza watu wake wote watano walikuwa hai. Nilingoja atabasamu. Wekesa alianza kucheka kidogo, cheko la mtu aliyetua mzigo, kisha akaacha. Odera aliutazama ule ukuta wa jipsamu na yule mtu mdogo nyuma yake kwa muda mrefu sana. Mikono yake ilikuwa mezani, vidole vimetanuka. Nilijua akiipindua meza ile kubwa nitakuwa chini yake, na mlango ulikuwa nyuma yake.

"Ilikuwa sita, Akoth," alisema polepole. "Nimeiona kwa kikombe." Kikombe changu cha chuma kilichong'aa kilikuwa kando ya ile nyumba, na dadu ilionekana ubavuni mwake.

Akainuka, akarudisha kiti chini ya meza kwa adabu, akatoka. Hakuingia kwao. Tulisikia geti la ploti.

Siku tatu hakuonekana. Wekesa alitembea mjini baada ya kazi, akauliza hospitalini, akauliza kwa waendesha boda boda. Mama Odera hakwenda sokoni. Alikaa mlangoni pake kwenye kigoda, na kila nilipopita aliniangalia usoni bila kuniuliza chochote, na kutoulizwa kulinitesa kuliko swali lolote. Nilikuwa nimemwambia Wekesa ukweli kuhusu dadu. Alisema hata yeye angefanya hivyo. Sikuwa na uhakika kama hilo lilinifariji. Nilikuwa nimedanganya kwa sababu nilimhurumia, na pia kwa sababu nilikuwa nimechoka kumuua mtu yuleyule kila wiki, na hadi leo sijaweza kutenganisha sababu hizo mbili.

Siku ya nne jioni Odera alikuja akiwa amenyoa ndevu, amevaa shati safi. Alikaa kwenye kiti kilekile. Alisema alikuwa Luanda Kotieno. Alienda kupanda feri ya kwenda Mbita, akakata tiketi, akaiona feri ikiondoka. Kesho yake akakata nyingine, ikaondoka pia. Ouma alikuwa mtu wa ng'ambo hiyo, na mama yake bado yuko. Odera hakuwahi kumwona mama huyo.

Nilianza kumwomba msamaha kwa ile dadu. Akanizuia kwa mkono.

"Ile siku Ouma alifika kwa ukuta, nilingoja nisikie vizuri moyoni. Sikusikia kitu. Nikajua hii meza haiwezi kunisaidia tena." Akavuta pumzi. "Twende na wewe. Wewe unajua hiyo barabara. Nikishindwa kuongea, wewe utamwambia."

Tulienda Jumamosi. Kwenye feri alisimama karibu na minyororo ya magari, mkono umeshika chuma hadi vifundo vikageuka rangi, na nilisimama kati yake na ukingo wa maji bila kumwambia kwa nini. Upande wa pili tulitembea zaidi ya saa moja. Mama Ouma alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya kuamrisha. Tulipojitambulisha kwamba huyu alikuwa pamoja na mwanawe, hakulia wala kushangaa. Alitukaribisha ndani, akatuletea maji ya kunawa, akatuandalia samaki aina ya ngege wa kuchemsha, ugali wa mtama na mboga ya osuga yenye maziwa. Chumba kilikuwa na viti vyenye vitambaa vyeupe, na picha ya Ouma ukutani akiwa na sare. Nilikuwa nimemrushia dadu yule mtu wiki kumi na zaidi, na sikuwa nimejua kwamba ana mwanya kwenye meno.

Odera hakugusa chakula. Alianza kueleza, macho yakiwa kwenye sahani. Alieleza barabara, kisima, miti mitatu, lori. Alisema mambo ambayo sikuyajua, kwamba Ouma alikuwa anawachekesha asubuhi ile, kwamba dereva alikuwa anaita jina la dada yake. Kila neno nililiona mbele yangu. Alipofika kwenye mfuko wa dawa alinyamaza. Nilijua kinachofuata. Nilikuwa nimefungua mdomo nimsaidie, kisha nikaufunga, maana nilijua hilo moja halikuwa langu kulisema. Nje kuku alikuwa anaparua majani. Mama Ouma alingoja.

"Mimi ndiye nilimwambia avuke," Odera alisema. "Alikuwa na mbio kuliko sisi wote. Nikamwambia, Ouma, nenda. Akaenda."

Yule mama hakusogea. Niliangalia mikono yake, kwa sababu sikuweza kumwangalia usoni, na mikono ilikuwa imetulia magotini. Nilifikiri atatufukuza. Nilifikiri Odera akifukuzwa hapa, hatafika tena Kisumu.

"Siku ya kuandikisha jeshi," alisema hatimaye, "Ouma alijificha. Hakutaka kwenda. Alikuwa anataka kuvua na mjomba wake. Alilala chini ya turubai ndani ya mtumbwi, akafikiri sitamwona. Mimi nikaenda ufuoni, nikamtoa. Nikamfukuza na fimbo mpaka barabarani." Alimtazama Odera. "Hiyo kitu nimeibeba peke yangu tangu walete jeneza. Sikujua kuna mwingine."

Odera alilia bila sauti, mgongo umenyooka, mikono mezani. Mama Ouma alimwacha. Kisha akausogeza ule ugali mbele yake akamwambia ale. "Chiem," alisema mara moja tu, na Odera akanawa tena mikono, akala samaki mzima, akafyonza na kichwa. Feri ya mwisho ilituacha. Tulilala hapo, na asubuhi nilimkuta Odera nyuma ya nyumba akimtengenezea mlango wa banda la kuku.

Hatukucheza tena barabara ile. Tulicheza michezo mingine hadi mwisho wa mwaka, Odera akiwa mchezaji mbaya kuliko wote kwa kuwa alikataa kupoteza hata kizibo cha soda. Mwaka uliofuata Wekesa alipata kazi Muhoroni, mimi nikaolewa, na meza ikabaki palepale kwa mpangaji mwingine. Odera hakupona kabisa, sitaki kudanganya tena. Kulikuwa na miaka mizuri na miaka mibaya. Lakini kila mwaka alivuka ziwa mara mbili au tatu.

Siku ya mazishi, baada ya mzee wa kanisa kumaliza kusoma, wageni waliombwa wakae chini ya hema na watu wa nyumbani wabaki karibu na jeneza. Mwanamke mmoja mrefu aliyekuwa amevuka ziwa, mzee sana sasa, mwenye fimbo, aliombwa na mshereheshaji aende kwa wageni. Mama Odera alimshika mkono akamvuta karibu, na wale akina mama wawili wakakaa pamoja kwenye benchi la mbele hadi udongo ulipomalizika kutupwa.